Kaa Rada na Kaa: Wa Kuwacha na wa Kutoa Kwa Tangi Lako la Matumbawe

Umetumia doo mob kuseti tangi la maji ya chumvi. Mwamba umeingia, matumbawe yameshika rangi. Halafu usiku mmoja unawasha tochi, unapata kaa anakucheki kutoka kwa shimo. Hukumnunua. Alikuja amejificha ndani ya mwamba, na hiyo ni kawaida.

Swali ni, abaki ama atoke? Usimuue bado. Ukikosea, unaweza ua askari wa matumbawe yako, ama umwache mwizi akule samaki wakiwa wamelala.

Anza na magando. Gando nene lenye ncha nyeusi, juu ya mwili wenye manyoya, ni dalili mbaya. Wengi wa aina hii ni wa familia ya Xanthidae. Wakiwa wadogo wametulia tu, lakini wakikua kuna wanaokula konokono, matumbawe na hata samaki. Ncha bapa kama kijiko ni za kukwangua mwani.

Hawa ndio utakutana nao sana:

Trapezia: Mwili laini, unang'aa, anaishi katikati ya matawi ya tumbawe. Huyu wacha! Hula ute wa tumbawe, huondoa mchanga, na hupigana na kiti cha pweza mwenye miiba anayekula matumbawe.

Kaa wa anemoni (Neopetrolisthes): Hesabu miguu. Nyuma ya magando utaona jozi tatu za kutembelea, si nne. Huchota chakula majini kwa vipepeo vya mdomoni. Hana noma.

Bondia (Lybia): Ameshika anemoni ndogo kwa kila gando kama glavu. Mpole kabisa.

Kaa wa kijani (Mithraculus sculptus): Ametoka Karibi, na hupendwa kwa kula mwani wa mapovu. Akilala njaa, ataanza kudonoa matumbawe. Mlishe.

Percnon gibbesi: Bapa, mbio kama umeme. Akiwa mdogo yuko fiti, akikua anaweza kuanza kuwinda samaki.

Wanaobeba magamba: Hufanya usafi poa, lakini wakikosa gamba la kuhamia wataua konokono wachukue lake. Weka magamba matupu ya saizi tofauti.

Bado hujui ni nani? Mwangalie usiku siku kadhaa, ikiwezekana na tochi ya taa nyekundu. Anakwangua mwamba ama anararua nyama ya tumbawe? Matendo yake yatakuambia kushinda rangi yake.

Kumtoa ni rahisi. Weka kipande cha kamba ndani ya glasi, uiegemeze kwa mwamba usiku. Akiingia, ukuta wa glasi unateleza, hatoki. Mhamishe kwa tangi lake pekee. Usimtupe baharini, anaweza peleka magonjwa.

Na usifikirie supu, buda. Zosimus aeneus, kaa wa miamba anayepatikana hadi Pwani yetu, ana sumu ambayo kupika hakuiondoi, na imeshaua watu.

Ya mwisho: usiende kuchomoa mwamba ama kaa ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu. Hapo hairuhusiwi kutoa kitu, na KWS wako macho.