Rider Haggard na Riwaya ya Safari katika Kiswahili

Miongoni mwa waandishi wa riwaya wa Uingereza wa zama za Malkia Victoria, Henry Rider Haggard hahesabiwi kuwa bingwa wa ufundi. Wahakiki wa kwao aghalabu humweka nyuma ya Dickens, George Eliot na Thomas Hardy. Hata hivyo, katika historia ya nathari ya Kiswahili ana nafasi ya pekee, kwani riwaya yake King Solomon's Mines ilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, ikawa mojawapo ya riwaya za mwanzo za Ulaya kusomwa kwa lugha hii. Madhumuni ya makala haya ni kueleza maisha ya mwandishi huyo kwa kadiri yanavyoifafanua kazi yake, na kuchunguza riwaya hiyo ilileta nini ilipoingia katika Kiswahili.

Haggard alizaliwa Bradenham, katika jimbo la Norfolk, tarehe 22 Juni 1856, akiwa mtoto wa nane kati ya kumi wa kabaila mwenye mashamba. Mwaka 1875, akiwa na umri wa miaka 19, alipelekwa Natal kumtumikia Gavana Sir Henry Bulwer bila mshahara. Miaka miwili baadaye alikuwa katika msafara wa Sir Theophilus Shepstone uliokwenda kuitwaa Transvaal, na mjini Pretoria alishiriki katika kuipandisha bendera ya Uingereza. Mwaka 1878 akapewa kazi katika Mahakama Kuu ya nchi hiyo. Lakini mwaka 1881 Makaburu waliwashinda Waingereza Majuba, na masharti ya kuirudisha Transvaal yakajadiliwa katika nyumba ya Haggard mwenyewe, karibu na Newcastle, alikokuwa akifuga mbuni. Jambo hilo alilihesabu kuwa usaliti, na mwaka huohuo akarejea Uingereza kusomea sheria. Basi Afrika aliyoijua ilikuwa Afrika ya kusini, tena kama inavyoonekana na karani kijana wa dola ya kikoloni.

King Solomon's Mines ilizaliwa na ubishi. Nduguye alikuwa akikisifu Treasure Island cha R. L. Stevenson, naye Haggard akasema kwamba angeweza kuandika hadithi isiyopungua hiyo. Wakawekeana dau la shilingi tano. Aliiandika kwa muda wa wiki sita hivi, ikachapishwa Septemba 1885, na katika mwaka wa kwanza nakala 31,000 zikauzwa. Baada yake zikafuata She na Allan Quatermain mwaka 1887, na nyingine nyingi, hata akafariki tarehe 14 Mei 1925.

Maudhui ya riwaya hiyo yana mgongano ndani yake. Kwa upande mmoja, mwandishi anampa Ignosi, mfalme wa Wakukuana, hadhi na ufasaha. Na mwishoni Ignosi anakataza wazungu wengine wasiingie nchini mwake, wawe wafanyabiashara wenye bunduki na pombe au watu wa dini. Ni ajabu kwamba maneno hayo yaliandikwa mwaka uleule ambao Mkutano wa Berlin ulimalizika. Kwa upande mwingine, barabara kuu na masanamu ya mawe yaliyomo katika nchi ya Wakukuana hayahesabiwi kuwa kazi ya mikono yao. Wahusika wazungu wanayanasibisha na wageni wa kale, hasa Wafoinike. Mwafrika wa Haggard anaweza kuwa shujaa, lakini hawezi kuwa mjenzi. Naye Foulata, msichana anayempenda Kapteni Good, hana budi kufa ili ndoa yao isiwe suala la kujibiwa.

Katika Allan Quatermain masimulizi yanahamia pwani ya Afrika Mashariki. Wahusika wanateremka Lamu, wanapanda mto Tana hadi kituo cha misioni, wanapigana na Wamaasai, kisha wanaelekea Mlima Kenya. Haggard alikiri mwenyewe mwishoni mwa kitabu alikopata habari: alikitegemea kitabu cha msafiri Joseph Thomson, Through Masai Land, cha mwaka 1885, na maelezo ya nduguye John, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza mjini Lamu. Kwa hiyo Lamu ya riwaya hiyo ni Lamu ya kusimuliwa. Mji wenye washairi na wanazuoni wa karne nyingi unakuwa mlango tu wa kupitia kwenda kwenye mapigano.

Mfasiri wa Mashimo ya Mfalme Sulemani alikuwa Frederick Johnson, ambaye mwaka 1930 alikuja kuwa Katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Wakati huo Kiswahili Sanifu kilikuwa kinajengwa, na vitabu vya kusomwa vilikuwa vichache. Mwaka 1934 Allan Quatermain nayo ikatoka kwa Kiswahili. Haifai kuidharau kazi hiyo: iliwazoesha wasomaji masimulizi marefu ya nathari yenye msuko mmoja, siri na taharuki. Lakini wakati wake una kejeli. Mwaka huohuo wa 1929 Gertrude Caton-Thompson alichimba katika magofu ya Zimbabwe Kuu na kuthibitisha kuwa wajenzi wake ni Waafrika. Nadharia ya wageni wa kale ilikuwa inaporomoka chini ya jembe la mwanaakiolojia, na papo hapo ilikuwa inafunguliwa mlango wa Kiswahili kwa njia ya hadithi.

Aidha, si kweli kwamba Waswahili walingoja Haggard ili wapate nathari ya safari. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa masimulizi ya wasafiri wenyewe, miongoni mwao Salim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia. Na mapema katika karne hiyo yalichapishwa maisha ya Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, kama alivyoyaeleza mwenyewe. Katika maandishi hayo Mswahili ndiye anayetazama, kupima na kusimulia. Katika Haggard yeye na jirani zake ni askari, wapagazi na maadui.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala hili. Mwanafunzi aliyepewa Mashimo ya Mfalme Sulemani bila ya Safari za Wasuaheli alifunzwa, katika lugha yake mwenyewe, kuitazama nchi yake kwa macho ya mgeni. Dawa si kukifukia kitabu cha Haggard, kwani ni sehemu ya historia ya nathari ya Kiswahili isiyoweza kufutwa. Dawa ni kukisoma bega kwa bega na masimulizi yaliyokitangulia, ili ijulikane kwamba kabla ya Quatermain kuletwa kuzungumza Kiswahili, wenye lugha walikwisha safiri na kuandika.