Nyoka wa Ndani ya Nyumba

Kogo wangu wa Sosiot alikuwa na sheria moja: nyoka akiingia nyumbani, hauawi ovyo. Huenda ni mzee wa ukoo amekuja kusalimia. Mwaka 1909 A. C. Hollis aliandika imani hiyohiyo kwa jirani zetu Wanandi: nyoka akipanda kitanda cha mwanamke aliachwa, kwa kuwa alibeba roho ya marehemu. Kogo alinisimulia haya huku akinusa ugoro. Mimi nikaona ni stori za wazee tu.

Ugoro ndio ulionirudisha. Ndani yake mna nikotini, na mwaka 1905 huko Cambridge, John Langley aliona nikotini ikikaza misuli ya kuku hata pale neva zilipokuwa zimekatwa. Basi misuli yenyewe ina kitu cha kuipokea, akasema. Leo tunakiita kipokezi. Kazi yake halisi ni kupokea asetilikolini, kemikali ya mwili wenyewe. Nikotini ni mgeni anayeingilia mlango huohuo.

Mlango huo haukuonekana kwa miaka mingi. Aliyesaidia kuupata ni nyoka, bana. Mwaka 1963 Chang na Lee wa Taiwan walitenga sumu ya nyoka mmoja wa huko, mwenye pingili nyeusi na nyeupe. Sumu hiyo hukishika kipokezi cha misuli kisibanduke, na mtu akashindwa kupumua. Watafiti wakaigeuza ndoano ya kuvulia kipokezi. Swila wa kwetu wana sumu za ukoo huohuo.

Halafu, 1999, Julie Miwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller wakakuta protini katika ubongo wa panya yenye umbo la sumu hiyo, vidole vitatu. Wakaiita lynx1. Nasi binadamu tunayo. Haiui; inakipunguzia kipokezi wepesi wa kuitikia, kama breki.

Mwaka 2010 ikaonekana kwamba panya wazima wasio na lynx1 hubadilika ubongo kama watoto: jicho lililofifia kwa kuzibwa utotoni lilipona. Mimi niliyeacha chuo nilisoma hapo nikatamani kung'oa breki yangu usiku huohuo.

Lakini kulikuwa na matokeo ya 2006, ambayo nilikuwa nimeyaruka. Panya wasio na lynx1 walipozeeka, seli za ubongo wao zilianza kuharibika. Wakipewa nikotini, ziliharibika zaidi.