Kontena: Kutoka Gatini Hadi Katika Kompyuta

Katika makala haya tunakusudia kufuatilia safari ya neno kontena, tangu lilipofika katika bandari zetu hadi lilipoingia katika lugha ya kompyuta. Tumependa kuitazama safari hiyo tukiwa Tanga, kwani huko msamiati wa shehena ni mali ya watu wote, na mtu haulizi maana ya tishari.

Kwa miaka mingi meli kubwa zilizofika Tanga hazikuweza kufunga gatini kwa uchache wa kina. Zilitia nanga ghubani, na marobota ya mkonge yakapelekwa huko kwa matishari. Hali hiyo ilibadilika baada ya kazi ya upanuzi iliyoanza 2019, ambayo ilileta gati la meta 450 na kina cha meta 13. Kazi ya matishari ilikuwa na lugha yake, na sehemu kubwa ya lugha hiyo ilitoka ng'ambo: bandari ni neno la Kiajemi, gati na kuli yametoka Bara Hindi, kasha tuliachiwa na Wareno. Hakuna leo anayeyaita maneno hayo mageni.

Kontena nalo lilikuja kwa njia hiyo hiyo. Tarehe 26 Aprili, 1956, meli Ideal X ya Malcom McLean iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na masanduku 58 ya alumini. Shehena iliyokuwa ikibebwa gunia kwa gunia sasa ilifungwa mara moja na kufunguliwa inakokwenda. Mtaalamu wa istilahi aliyeketi ofisini angeweza kusema kwamba kasha latosha. Watu wa gatini walisema kontena, na kwa maoni yetu walikuwa na haki: kasha halina kipimo maalumu, lakini kontena ni la futi 20 au 40, na winchi ya bandari yoyote hulipokea. Baadaye neno likapanda nchi kavu, likawa duka na saluni.

Mwaka 2013 ilitolewa programu iitwayo Docker, jina ambalo kwa Kiingereza ni mfanyakazi wa bandarini, yaani kuli yule yule ambaye Adam Shafi alimwandikia riwaya mwaka 1979. Programu hii hufunga programu nyingine pamoja na vyote inavyohitaji, ili iendeshwe katika kompyuta mbalimbali bila kuvuruga jirani zake. Mfano wa bandarini ulichaguliwa makusudi. Kwa hiyo hatuoni sababu ya kubuni neno jipya. Kontena la kompyuta na liitwe kontena.

Ugumu unaanza katika maneno yanayolizunguka. Tuchukue mtu anayetaka kuweka nyumbani maktaba ya katuni kwa kutumia Komga, programu huria inayopanga hadithi za katuni katika kompyuta moja, yaani seva, na kuzifikisha kwenye simu za watu wa nyumba hiyo. Jambo hili si mchezo wa watoto. Chakubanga wa Christian Gregory alichekesha na kukemea katika gazeti la Uhuru, na jarida la Sani likawapatia wasomaji katuni zake katika miaka ya 1980. Karatasi ya gazeti haivumilii unyevu wa pwani wala mchwa. Mwenye nakala zilizopigwa picha, na mwenye idhini ya wenye hakimiliki, aweza kuziokoa kwa njia hii, iwapo maelekezo yatamfikia kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Kiingereza hutumia neno moja kwa juzuu ya kitabu na kwa hifadhi iliyo nje ya kontena. Mfasiri akiandika juzuu, msomaji ataelewa kuwa inazungumzwa juzuu ya katuni, ataupita mstari huo, na mkusanyo wake atauweka ndani ya kontena. Siku ya kuweka toleo jipya kontena la zamani hufutwa, na kila kilichokuwamo hupotea. Sisi tunapendekeza ghala. Kontena huja na kuondoka, lakini mali iko ghalani. Kuli yeyote wa Tanga angelieleza hilo bila mwalimu. Vivyo hivyo faili ambalo kontena huundwa kwalo tungeliita kiolezo, wala si taswira, maana katika maktaba ya katuni kila kitu ni taswira.

Limebaki neno linaloitwa kwa Kiingereza kama bandari ya meli, nalo ni nambari ambayo simu huipitia ili kuifikia programu ndani ya seva. Asili yake ni Kilatini, lakini si neno la bandari, bali jirani yake lenye maana ya lango. Tumekwisha kuona tafsiri zinazomwambia msomaji afungue bandari. Kwa Tanga, ambako kufungua bandari kulihitaji mitambo ya kuchimba sakafu ya bahari, agizo hilo ni zito mno kwa mtu anayetaka kusoma katuni jioni. Mlango watosha.