Uuzaji wa nyumba ya kuishi Tanzania Bara

Uuzaji wa nyumba ya kuishi ni uhamishaji, kwa malipo, wa haki ya kumiliki kiwanja pamoja na jengo lililo juu yake. Tanzania Bara shughuli hii huongozwa hasa na Sheria ya Ardhi, Sura 113, na Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura 334. Zanzibar ina sheria zake. Wauzaji wengi huanza kwa kupaka rangi na kumwita dalali. Hata hivyo, mauzo mengi hukwama mezani kwa wakili au benki, pale nyaraka zinapofunguliwa. Maandalizi yenye tija huanzia kwenye jalada la hati, yakafuatiwa na matengenezo, kisha bei, na dalali huitwa baadaye.

Kinachouzwa

Ardhi yote nchini ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mmiliki ana haki ya kuitumia kwa muda uliotajwa kwenye hati, ambao kwa kawaida ni miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo mnunuzi hununua jengo pamoja na miaka iliyosalia. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1998 inafika mwisho mwaka 2031, na mnunuzi makini ataliona hilo kwenye ukurasa wa kwanza. Muuzaji mwenye hati ya aina hiyo hufaidika akianza mapema taratibu za kuihuisha.

Nyaraka za umiliki hazina uzito sawa. Hati miliki iliyosajiliwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Barua ya toleo, ambayo wengi huiita ofa, huonyesha kwamba mtu alipewa kiwanja lakini hakukamilisha hati. Leseni ya makazi hutolewa katika maeneo ya mijini yasiyopangwa, na ni ya muda mfupi. Chini kabisa upo mkataba wa mauziano ulioandikwa serikali ya mtaa, ukitaja majirani wa mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, na kugongwa muhuri wa mwenyekiti. Muhuri huo ni ushahidi kwamba watu waliuziana. Hauchukui nafasi ya usajili.

Tofauti hizi huamua ni nani anaweza kununua. Benki zinazotoa mikopo ya nyumba huhitaji hati inayoweza kuwekewa rehani. Nyumba yenye karatasi za mtaa pekee hubaki kwa wanunuzi wenye fedha taslimu, ambao ni wachache na hupunguza bei kwa kujua wanabeba hatari. Pale kiwanja kinapoweza kupimwa na kumilikishwa, gharama ya mpima ardhi na hati huwa maandalizi yenye faida kuliko marumaru mpya sebuleni.

Mamlaka ya kuuza

Katika mitaa ya Dar es Salaam na miji mingine, maandishi makubwa ya rangi kama "Nyumba hii haiuzwi" huonekana kwenye kuta na mageti. Mara nyingi huandikwa na familia inayohofia ndugu mmoja kuuza kimyakimya, au tapeli kujifanya mwenye mali. Wanunuzi wanalijua hilo, na swali lao la kwanza ni kama aliye mbele yao ana haki ya kuuza.

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu. Ridhaa hiyo huandikwa, husainiwa na kuambatishwa kwenye mkataba. Kutegemea kauli ya mdomo kwamba "mama anajua" ni moja ya sababu za kawaida za mauzo kupingwa.

Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo humpendekeza msimamizi. Hauwezi kushika nafasi ya uteuzi wa mahakama. Msimamizi anayeuza bila kuwashirikisha warithi hujitafutia kesi, kwani muda wa kisheria wa kudai ardhi ni miaka 12. Maandishi ya makubaliano yenye saini za warithi wote watu wazima hufunga mlango huo mapema.

Nyumba iliyowekwa rehani haiwezi kuhamishwa kabla deni halijalipwa na rehani kuondolewa kwenye daftari la Msajili wa Hati, isipokuwa benki ikubali utaratibu mwingine. Wapo waliomaliza mkopo miaka mingi iliyopita bila kufuatilia kufutwa kwa rehani, na hugundua pale wakili wa mnunuzi anapofanya upekuzi. Muuzaji hushauriwa kuomba upekuzi wa hati yake mwenyewe kabla ya kutangaza, ili zuio, rehani au kosa la jina lijulikane kukiwa na muda wa kulirekebisha. Jina la kwenye hati lisipofanana na la kitambulisho cha taifa (NIDA), kiapo cha majina hutayarishwa kwa wakili.

Mipaka, barabara na madeni

Mawe ya mpaka hupotea: hufukiwa na kifusi, hung'olewa na watoto au humezwa na ukuta wa jirani. Mpima ardhi akiyarudisha kabla ya wateja kuanza kuja, mgogoro wa mita moja hubaki kati ya majirani wanaofahamiana. Ukiibuka mbele ya mnunuzi, bei hushuka au mnunuzi huondoka.

Nyumba za kando ya barabara zina jambo la ziada. Tangu kanuni za mwaka 2009 zilizotokana na Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Barabara ya Morogoro ina hifadhi pana zaidi kwa baadhi ya vipande, na mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa baada ya kuwekewa alama ya X. Vilevile, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au kingo za mito. Kupaka rangi juu ya X hakuondoi hifadhi. Humfanya muuzaji aonekane tapeli.

Kodi ya pango la ardhi hulipwa kila mwaka, na deni lake huzuia uhamisho. Kodi ya majengo hukatwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU tangu mwaka 2021, ingawa nyumba zisizo na umeme au zenye mita zaidi ya moja huhitaji kuhakikiwa. Ankara za maji hufungwa siku ya makabidhiano. Kama kuna mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita mbele, mkataba wa mauziano hutaja ataondoka lini na fedha ya miezi iliyobaki ni ya nani.

Matengenezo

Mnunuzi mzoefu haanzi na sebule. Hufungua bomba kuona nguvu ya maji, hutazama pembe za dari kutafuta madoa, kisha huweka kiganja sehemu ya chini ya ukuta. Ukanda wa pwani, unyevu wenye chumvi hupanda kutoka ardhini, lipu ikalainika na kuacha unga mweupe mkononi. Rangi mpya juu ya ukuta kama huo hutuna na kubanduka ndani ya muda mfupi, na kila anayekuja baadaye huhisi kuna kinachofichwa. Dawa yake ni kuondoa chanzo cha unyevu, kukwangua lipu iliyooza na kupiga upya kabla ya rangi.

Nyufa nazo husomwa. Ufa mwembamba unaokwenda ovyo kwenye lipu ni wa kawaida. Ufa wa mshazari unaotoka kona ya dirisha na kupita hadi upande wa pili wa ukuta unaashiria msingi uliotitia, na huhitaji fundi mwenye ujuzi au mhandisi. Juu ya dari, kenchi hukaguliwa kwa mchwa. Nje, karo la maji machafu hunyonywa na mifereji huzibuliwa. Kazi hizi hufaa zimalizike kabla ya masika, yaani Machi hadi Mei, kwa kuwa wanunuzi wajanja hupenda kuitazama nyumba siku moja baada ya mvua kubwa.

Ukarabati wa anasa ni jambo jingine. Makabati mapya ya jikoni, dari ya gipsamu yenye taa za rangi na pevingi ya uwanja mzima mara nyingi havirudishi gharama yake, kwa sababu mnunuzi ana ladha yake. Nyumba isiyokamilika, inayojulikana kwa wengi kama boma, huuzwa vizuri zaidi ikiwa na kibali cha ujenzi na ramani kuliko ikikamilishwa harakaharaka kwa vifaa hafifu.

Bei

Kosa kubwa kwenye bei ni kujumlisha kila tofali, nondo na mfuko wa saruji tangu siku ya kwanza, kisha kuongeza faida. Soko hulipia mahali, hati, ukubwa wa kiwanja, barabara ya kufika na hali ya jengo. Halilipii muda ambao mmiliki alitumia kujenga. Kosa la pili ni kuiga bei ya jirani, ambayo aghalabu ni bei aliyotangaza, si aliyolipwa.

Mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 hutoa makadirio yenye msingi. Taarifa yake hutaja thamani ya soko, na ikihitajika, thamani ya kuuza kwa haraka, ambayo huwa ndogo zaidi. Ripoti ya uthamini inahitajika pia wakati wa uhamisho, hivyo gharama yake haikwepeki.

Bei ya ndani hutangazwa kwa shilingi. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025 zilipiga marufuku kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, desturi iliyokuwa imeota mizizi katika maeneo kama Masaki na Oysterbay.

Madalali

Dalali mzuri huchuja wateja, husimamia miadi na hujua bei halisi za mtaa. Tatizo huanza nyumba moja inapokabidhiwa kwa madalali wengi bila maandishi. Kila mmoja huongeza "cha juu" chake, na nyumba ile ile huonekana kwa milioni 90, 110 na 130. Mnunuzi akigundua, hudhani kuna utapeli. Makubaliano ya karatasi moja, yanayotaja bei, kamisheni na nani atailipa, huondoa sehemu kubwa ya vurugu hizo. Nakala ya hati huonyeshwa kwa mnunuzi aliye makini; hati halisi haikabidhiwi kwa dalali wala kusambazwa kwa picha kwenye simu.

Mkataba na malipo

Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi kinataka mkataba wa mauziano ya ardhi uwe wa maandishi. Hata kishika uchumba, yaani fedha ya kuonyesha nia, huandikiwa: ni kiasi gani, muda wa kukamilisha ni upi, na nini kitatokea upande mmoja ukijitoa. Muuzaji anayepokea kishika uchumba kutoka kwa watu wawili hujiingiza kwenye kesi ya madai, na pengine ya jinai.

Malipo makubwa hupitia benki, na hati halisi hushikwa na wakili hadi fedha zithibitike. Kwa ardhi iliyosajiliwa, fomu za ardhi namba 29, 30 na 35 hujazwa kwa ajili ya taarifa, kibali na uhamisho wenyewe. Makosa ya kuhama mapema, kukabidhi funguo kwa ahadi ya awamu ya mwisho, au kusaini fomu za uhamisho kabla ya kulipwa humwacha muuzaji bila nyumba na bila fedha.

Kodi

Mkazi wa Tanzania hulipa asilimia 10 ya faida iliyotokana na mauzo. Nyumba ambayo mmiliki ameimiliki na kuishi humo kwa angalau miaka mitatu husamehewa, ikiwa faida haizidi shilingi milioni 15. Mkazi asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, kwa kuchukua iliyo kubwa. Ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1, kwa kawaida hubebwa na mnunuzi.

Kwa mfano, nyumba ikiuzwa milioni 110, nayo iligharimu milioni 80 kwa risiti na milioni 5 za kamisheni na wakili, faida ni milioni 25 na kodi ni milioni 2.5. Bila kumbukumbu, kodi ingekuwa milioni 3.3. Risiti za saruji, mabati na mafundi zina thamani hata miaka kumi baadaye. Kuandika bei ndogo kwenye mkataba hakusaidii, kwa kuwa Mamlaka ya Mapato (TRA) huilinganisha na thamani ya mthamini, na muuzaji hujinyima ushahidi wa kudai salio. Viwango hubadilika kupitia Sheria ya Fedha ya kila mwaka, hivyo huhakikiwa TRA kabla ya kupanga bei ya mwisho.

Kukamilika kwa mauzo

Kwa nyumba yenye hati, umiliki hauhami kwa funguo, kwa mkataba wala kwa fedha kuingia benki. Huhama pale uhamisho unaposajiliwa na Msajili wa Hati. Hadi siku hiyo, jina lililo kwenye daftari na kwenye madai ya kodi ya ardhi ni la muuzaji.