Kifua Kikuu Kisicho cha Kifuani: Historia Fupi ya Jina
Mwaka 1779, Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London, alieleza maradhi yanayopinda uti wa mgongo na kupoozesha miguu. Bakteria wanaoyasababisha walitangazwa na Robert Koch mjini Berlin, mwaka 1882. Katika Kiswahili, neno kibiongo hutaja umbo la mgonjwa, si maradhi yenyewe. Nalo jina kifua kikuu huelekeza fikra kwenye kikohozi. Tangu VVU vilipoanza kudhoofisha kinga ya wengi, pengo hilo lina gharama: aumwaye mgongo bila kukohoa aweza kuchelewa kupimwa, hata pingili zikaporomoka. Wananchi husema TB ya mifupa. Miongozo ya afya yafaa ilipokee jina hilo, kwa kuwa haliufungi ugonjwa kifuani.