Kulea Bila Kurithisha: Mtoto wa Kulelewa katika Historia ya Sheria za Tanzania Bara

Utangulizi

Kiswahili kimempa mtoto anayekulia mikononi mwa asiyemzaa majina kadhaa. Mtoto wa kulea ni jina linaloeleza kazi ya mlezi bila kusema lolote kuhusu haki. Mtoto wa kupanga linakwenda hatua moja mbele, kwa kuwa ndani yake mna makubaliano. Kuasili, neno linalotumika leo mahakamani na katika ofisi za ustawi wa jamii, limejengwa juu ya neno asili: kumwasili mtoto ni kumpa chimbuko jipya. Hapo huzuka utata unaomsumbua kila anayesoma nyaraka za mashauri haya kwa Kiswahili, maana mzazi wa asili na mzazi wa kuasili wanatenganishwa na silabi moja, ilhali kisheria kuingia kwa mmoja ni kutoka kwa mwingine.

Makala haya yanafuatilia jinsi sheria iliyoandikwa ilivyomtazama mtoto huyo katika Tanganyika na baadaye Tanzania Bara. Hoja inayojengwa ni kwamba sheria ilimkaribia mtoto wa kulelewa mara kadhaa, ikamtambua katika chakula, mavazi na matunzo, kisha ikasimama mlangoni mwa mirathi. Mlango huo ulipofunguliwa, ulifunguliwa kwa aliyepita mahakamani tu.

Malezi kabla ya amri ya mahakama

Katika jamii nyingi za Tanzania Bara, mtoto kuhamia kwa bibi, shangazi, mjomba au mama mdogo halikuwa tukio la kuhitaji maelezo. Alipelekwa kumsaidia bibi aliyebaki peke yake, kukaa karibu na shule, kumfariji ndugu asiyejaliwa kuzaa, au kwa sababu mama yake ameolewa kwingine. Jambo la msingi ni kwamba kuhama huko hakukufuta nasaba. Mtoto aliongezewa wazazi bila kupunguziwa wale aliokuwa nao. Kwa Waluguru na Wamakonde, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba alikuwa na sauti juu ya mtoto hata pale mtoto alipolala kwa baba yake. Kwa Wahaya na Wachaga, mtoto aliyelelewa kwa mjomba alibaki kuwa wa ukoo wa baba, na siku ya kugawa kibanja au kihamba ilimkumbusha hivyo.

Pwani, mafundisho ya Uislamu yaliipa desturi hiyo mpaka ulio wazi. Kumlea yatima ni ibada yenye thawabu kubwa, lakini Kurani, katika Surat al-Ahzab, inaagiza watoto wa kupanga waitwe kwa majina ya baba zao. Mtoto hapewi ubini wa mlezi, wala hahesabiwi miongoni mwa warithi wake. Hata hivyo sheria hiyo hiyo ilimwachia mlezi njia mbili. Angeweza kumpa mtoto mali kwa hiba angali hai, au kumwachia kwa wasia kiasi kisichozidi theluthi moja ya mali. Kwa maneno mengine, fikihi ilitenganisha malezi na urithi kwa makusudi, kisha ikaonyesha namna ya kuliziba pengo hilo. Sheria za baadaye ziliacha pengo kama hilo mara nyingi bila kuonyesha namna yoyote.

Dai kwamba Waafrika hawakuhitaji sheria ya watoto kwa kuwa kila mtoto alikuwa wa wote ni la kupokelewa kwa tahadhari. Katika njaa za karne ya 19 watoto waliwekwa rehani kwa nafaka, na baadhi yao hawakukombolewa. Walionaswa katika biashara ya utumwa hawakuwa na ukoo wa kuwadai. Kwa ajili ya watoto wa namna hiyo mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha kituo chao Bagamoyo mwaka 1868, na Misheni ya Vyuo Vikuu ikawalea wavulana Kiungani na wasichana Mbweni, Unguja. Watoto hao walipewa majina mapya, dini mpya na walezi ambao hawakuwa ndugu. Ukoo wa kulea ulikuwa kinga, lakini kwa yule tu aliyekuwa nao.

Sheria iliyotungwa kwa ajili ya wengine

Uingereza yenyewe, ambayo sheria zake ziliitawala Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, haikuwa na utaratibu wa kisheria wa kuasili mtoto hadi mwaka 1926. Vita vilikuwa vimeacha yatima wengi na watoto waliozaliwa nje ya ndoa, na familia zilizowachukua ziliishi kwa hofu ya mama mzazi kurudi kumdai mtoto. Sheria ya 1926 ililenga hofu hiyo. Ilimhamisha mtoto kutoka kwa mzazi mmoja kwenda kwa mwingine, mara nyingi mgeni kabisa, na ikakata uhusiano wa kwanza. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba hata huko mtoto aliyeasiliwa hakupewa haki ya kumrithi mzazi wake mpya asipoacha wosia. Haki hiyo ilikuja mwaka 1949.

Tanganyika ilipokea sheria za Uingereza zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920. Sheria ya kuasili ilikuwa changa kuliko tarehe hiyo, kwa hiyo haikuweza kuingia kwa mlango huo; ilibidi koloni litunge yake. Ile iliyodumu muda mrefu zaidi, iliyojulikana kwa wanasheria kama Sura ya 335, ni ya miaka ya 1950, na ilifuata mwelekeo ule ule wa Uingereza: maombi, ridhaa ya wazazi, amri ya mahakama, daftari la watoto walioasiliwa. Kwa mwananchi wa Bukoba au Masasi aliyekuwa akimlea mtoto wa dada yake, sheria hiyo ilijibu swali ambalo hakuwa ameliuliza. Yeye hakutaka kumfuta dada yake.

Wakati huo huo, mambo ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa yalisimamiwa na sheria nyingine ya 1949, ambayo iliweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi kuwa matunzo anayoweza kuamriwa baba. Kiasi hicho kilibaki katika vitabu vya sheria hadi 2009, muda mrefu baada ya shilingi 100 kupoteza uwezo wa kumlisha mtoto hata kwa siku moja.

Baada ya uhuru

Mwaka 1963 serikali ilichapisha sheria za mila kwa Tangazo Na. 279 na, kwa upande wa mirathi, Tangazo Na. 436. Msingi wake ulikuwa kazi ya Hans Cory, mtaalamu wa serikali ya kikoloni aliyeandika kuhusu Wahaya na Wasukuma. Matangazo hayo yalihusu jamii zinazohesabu ukoo kwa baba. Warithi walipangwa kwa madaraja matatu, mtoto mkubwa wa kiume akiwa juu na mabinti wakiwa chini, na mtoto asiye wa ndoa akazuiwa kurithi upande wa baba pale marehemu asipoacha wosia. Mila, ambayo katika baraza la wazee ilikuwa na nafasi ya kujadiliwa, sasa iliganda katika maandishi. Mzee wa ukoo aliyetaka kumfikiria mtoto aliyelelewa nyumbani kwa marehemu kwa miaka 20 angeweza kujibiwa kwa namba ya kanuni.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa na ujasiri zaidi. Ilitamka kwamba mwanamume aliyempokea mtoto asiye wake kuwa mmoja wa familia yake ana wajibu wa kumtunza maadamu bado ni mtoto, pale baba na mama wanaposhindwa. Kifungu hicho kinastahili kuangaliwa kuliko kilivyoangaliwa, kwa sababu hakidai amri ya mahakama wala daftari: mwenendo wa mlezi wenyewe ndio unaozaa wajibu. Hapa sheria ilikuwa imeanza kuzungumza lugha ya malezi kama yalivyokuwa majumbani. Ikaishia hapo. Wajibu uliozaliwa na mwenendo ulikuwa wa matunzo, na haukugusa mirathi.

Udhaifu huo ulijitokeza Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata nyumba nyingi zilibaki na wazee na wajukuu, watu wa umri wa kati wakiwa wamekufa. Bibi aliwalea wajukuu bila karatasi yoyote. Kama walikuwa watoto wa binti yake, ukoo wa babu uliwahesabu kuwa ni wa ukoo mwingine, na kibanja kilichowalisha kikawa na wenyewe wengine siku babu alipozikwa. Mtoto huyo alimzika mama, akamzika babu, kisha akatakiwa kuhama.

Sheria ya Mtoto na umbali wa mahakama

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 ilizikusanya na kuzifuta sheria za awali, pamoja na Sura ya 335 na ile ya shilingi 100. Ilitanguliwa na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991 na ambao kifungu chake cha 20 kinaitaja kafala ya Kiislamu sambamba na kuasili. Sheria ya 2009 ilimtaka mwombaji awe na zaidi ya miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Kwa raia wa kigeni iliweka sharti la kuishi nchini miaka mitatu mfululizo na kumlea mtoto kwanza kwa miezi mitatu chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Na ilisema bila kigugumizi kwamba mzazi wa kuasili akifa bila wosia, mtoto humrithi kama aliyezaliwa naye.

Kwa ulezi wa muda sheria ilichagua istilahi malezi ya kambo. Uchaguzi huo si wa bahati. Mzazi wa kambo katika masikio ya Waswahili ni mke wa baba au mume wa mama, tena mwenye sifa mbaya katika ngano, na ni vigumu kumshawishi mtu mwema ajitolee kuitwa hivyo.

Zanzibar, ambako masuala ya watoto si ya Muungano, ilitunga sheria yake mwaka 2011 na kuiweka kafala ndani yake, hivyo mlezi Mwislamu akapata utaratibu unaotambuliwa bila kumbadilishia mtoto ubini. Bara haikufanya hivyo, ingawa Waislamu wake ni wengi.

Tatizo la vitendo limo katika ngazi za mahakama. Shauri la kuasili husikilizwa kwa kawaida Mahakama Kuu, penye wakili, hati ya kiapo, taarifa ya afisa ustawi wa jamii na nauli ya kwenda na kurudi. Mirathi ya kimila na ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, karibu na nyumbani, kwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao hicho huandika majina ya watoto wa marehemu kama wanandugu wanavyowajua. Anayeandika huuliza: huyu ni wa kuzaa au wa kulea? Mtoto aliyekuwa akimwita marehemu baba tangu alipojifunza kusema husubiri nje, akisikiliza jibu watakalolitoa shangazi na baba wadogo.