Makala ya Goma na Bunduki za Virunga

Ukipika maharagwe Goma, mashariki mwa Kongo, mwenye bunduki amekwisha kula kabla ya wanao. Gunia la makala, yaani makaa, linalofika kwenye mbabula zetu, majiko yetu, hutoka, mara nyingi, chini ya volkeno za Nyamulagira au Nyiragongo, ndani ya Hifadhi ya Virunga, na limelipiwa kila kizuizi njiani. Nasema hivi nikiwa mtoto wa muuza makala. Mama aliuza mtaani Birere, kwa gunia na kwa kopo, na karo yetu ya shule ilitoka humo. Simlaumu mwanamke yeyote mwenye vumbi jeusi kuchani.

Ugomvi na msitu ni wa zamani. Wabelgiji walianzisha hifadhi hiyo mwaka 1925, wakaipa jina la mfalme wao Albert, na kadiri walivyoipanua ndivyo watu walivyoondolewa mashambani. Wajukuu wa walioondolewa bado wanaonyesha kwa kidole ardhi ya babu iliyo ng'ambo ya mpaka wa hifadhi. Hata hivyo, kuiba kuni kwa panga ni jambo moja. Kuendesha jeshi kwa msitu ni jingine kabisa.

Badiliko lilikuja Julai 1994. Kwa siku chache tu, Wanyarwanda wapatao laki nane walivuka mpaka na kusongamana Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga. Mawe meusi ya volkeno hayachimbiki, kwa hiyo vyoo vilikosekana na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu. Kuni zilikuwa karibu, maana kambi zilipakana na hifadhi. Kila alfajiri misururu ya watu iliingia msituni, na kambi zilipovunjwa mwishoni mwa 1996 zaidi ya kilomita za mraba 100 za msitu zilikuwa zimeharibiwa. Juu ya lava miti hairudi upesi kama bondeni.

Miongoni mwa wakimbizi hao walikuwamo askari na wanamgambo waliofanya mauaji ya kimbari Rwanda. Baadhi yao waliingia msituni, na humo ndimo kundi la FDLR lilimopata maficho. Ndipo riziki ya maskini ilipogeuka hazina ya wapiganaji, na ukijua makala yanavyochomwa utaelewa sababu. Mchomaji hukata miti, akaipanga, akaifunika kwa majani na udongo, akaiacha iungue polepole kwa siku kadhaa. Moshi wake huonekana mbali. Hakuna tanuri la siri Virunga. Yeyote anayechoma amepata ruhusa ya anayelitawala eneo lile kwa silaha. Hulipa kwa tanuri, hulipa kwa gunia, na dereva wa lori naye hulipa barabarani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameyaandika haya kwa miaka mingi, nao hawakuwasahau askari wa serikali wanaochukua fungu lao.

Kaskazini, kwenye Ziwa Edward, hasara ilikuja kwa njia nyingine. Miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikaribia 30,000. Katikati ya miaka ya 2000 hawakufika 1,000. Wanamgambo wa Mai-Mai na askari wa kila aina waliwapiga risasi kwa ajili ya nyama na meno. Mvuvi wa Vitshumbi angekueleza kwa nini hilo linamhusu: kinyesi cha kiboko hurutubisha maji, maji hayo hulisha viumbe vidogo, navyo hulisha tilapia. Kiboko alipotoweka, nyavu nazo zilianza kurudi nyepesi.

Julai 2007 sokwe wa milimani waliuawa kwa risasi na kuachwa pale pale, hawakuliwa wala kuuzwa. Walinzi wa hifadhi waliyasoma mauaji hayo kama barua kwao: acheni makala yetu. Dunia iliwalilia sokwe, na ilistahili. Lakini walinzi zaidi ya 200 wameuawa katika hifadhi hii, 12 kati yao katika shambulio moja karibu na Rumangabo, Aprili 2020, na wachache nje ya Kivu wanalikumbuka hilo.

Vita vya waasi wa M23 vilipowaka tena, kambi zilirudi: Kanyaruchinya, Rusayo, Bulengo. Wanawake waliingia hifadhini kutafuta kuni wakijua wanaweza kubakwa, na wengi walibakwa. Walikwenda kwa sababu unga wa msaada hauliwi mbichi.

Tangu 2015 mtambo wa maji wa Matebe, wa megawati 13.6, unazalisha umeme Rutshuru, na sehemu ya Goma inauwasha. Nyumba nyingi bado hupika kwa makala, kwani bei ya umeme wa kupikia na jiko lake humshinda anayenunua makala kwa kopo. Wenye nia ya kuiokoa Virunga na waanze na bei hiyo, na wakulima wapewe ardhi na miche ya kupanda kuni nje ya hifadhi. Maadamu chakula cha mji mzima kinapikwa kwa msitu huu, kila kundi litakaloushika litakuwa na mshahara.